Nilinunua jina, nikauziwa na madhambi yake

HIVI umewahi kununua laini ya simu, tena mpya kabisa, umeibandua mwenyewe kwenye kadi yake, halafu kabla hata hujampa mama mzazi namba, simu inaita na mtu anafoka, "We Baba Jeni, ile hela yangu vipi?"

Mimi imenitokea. Ilikuwa mwaka 2022. Baba Jeni simjui, Jeni mwenyewe simjui, lakini kwa miezi miwili nilidaiwa mimi. Alidai mwenye duka, akadai wakala wa mikopo ya kwenye simu, na siku moja usiku wa manane akapiga mwanamke analia. Nikamwambia dada yangu samahani, mimi siye huyo unayemtafuta. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ona, hata sauti umebadilisha!" Nilichoka.

Kumbe bwana namba za simu hazifi. Mwenyewe akiiacha muda mrefu, kampuni inaichukua, inaipumzisha, halafu inamuuzia mwingine. Unadhani umenunua namba tu, kumbe umenunua namba pamoja na madeni na vimada vya mwenzio.

Nimeanza na Baba Jeni kwa sababu mwaka 2024 nilirudia kosa lilelile, safari hii kwenye intaneti, na aliyeumia sikuwa mimi.

Nina dada yangu wa tumbo moja, mkubwa wangu, fundi cherehani wa Mwananyamala. Si fundi wa kupunguza suruali, hapana. Huyu anashona magauni ya harusi, sare za maofisi na majoho ya kwaya, na ana mabinti wawili anaowafundisha kazi. Wateja wake wote walikuwa wanapatikana kwa mdomo: fulani kamwambia fulani. Mimi kwa upande wangu nahangaika na hizi kalamu, na pembeni nawatengenezea watu tovuti ndogo ndogo, kazi niliyojifunza mwenyewe baada ya kumaliza shule kwa kukaa kwenye kompyuta za washikaji hadi wananifukuza. Mwanzoni mwa 2024 Dada akaniambia, "Mdogo wangu, kila siku unawatengenezea watu baki. Na mimi nitengenezee, mtu akitafuta fundi Dar es Salaam anione."

Akanipa laki tatu. Hela ya vikoba hiyo, msomaji, siyo hela ya kuokota. Ina riba na ina siku ya kurudishwa mbele ya akina mama kumi na tisa waliokaa kwenye mkeka.

Sasa hapa ndipo ujanja wangu ulipoingia. Kila tovuti lazima iwe na jina, lile unaloandika juu kabisa ili ufike, wataalamu wanaliita domeni. Domeni hainunuliwi moja kwa moja, inakodishwa, kwa kawaida mwaka kwa mwaka, kama fremu ya duka. Ukilipa unakaa. Usipolipa unatolewa vyombo nje. Kwa majina yale yanayoishia na .com, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45 hivi ulipe kodi yako. Ukipitiliza na akalifuta, kuna siku 30 nyingine za kulikomboa kwa faini. Baada ya hapo siku 5 za kungoja, halafu jina linaachiwa na yeyote anaweza kulidaka. Lakini majina mazuri hayafiki huko. Wasajili wengi huyapiga mnada mapema, mwenyewe akiwa bado yumo ndani ya ule muda wa kuvumiliwa, na asipotokea kulipa, jina linahamia kwa mshindi likiwa na umri wake wote.

Kwa nini mtu anunue jina kuukuu wakati jipya la elfu thelathini lipo? Jibu ni Google.

Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walichapisha wazo ambalo ukilisikia unasema mbona rahisi. Walisema ukurasa wa intaneti tuupime kwa kuangalia ni nani anauelekezea wengine. Tovuti moja ikiweka linki ya kwenda nyingine, hiyo ihesabiwe kama kura. Tena kura hazilingani. Kura ya tovuti ambayo yenyewe inaheshimika ina uzito kuliko kura ya kijana mmoja asiyejulikana. Ni kama mtaani tu, mzee wa mtaa akisema fundi fulani ni mzuri siyo sawa na mimi nikisema. Siku hizi Google inaangalia mambo mengi mno zaidi ya linki, lakini kura zile hazijaacha kuwa na maana.

Basi ukiona jina limekaa miaka, magazeti yamelielekezea, maktaba zimelielekezea, na mwenyewe kaacha kulipa, unajiambia: nikilinunua, kura zote zile zinakuwa zangu. Dada anaamka asubuhi fundi wa jana, Google inadhani ni bibi wa miaka kumi na nne.

Nililipata mnadani. Sitalitaja, lakini ni maneno mawili ya Kiingereza, yanahusu uzi na sindano, yanatamkika hata na shangazi. Maelezo yalisema limesajiliwa mwaka 2009 na lina linki kutoka maktaba mbili na gazeti moja la mji mdogo huko Marekani. Nikashindana na mtu mmoja nisiyemjua hadi dola 62, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa kama laki moja na nusu na ushee. Nikajiona mtoto wa mjini.

Dada akaniuliza, "Jina lenyewe linauzwaje ghali hivyo?"

Nikamwambia, "Dada, hili lina nyota."

Hilo tu. Sikumwambia kuwa lilikuwa la mtu. Sikumwambia kuwa nyota yenyewe ni ya kuazima.

Februari tovuti ikawa hewani. Ilipendeza, nisijivune. Picha za magauni nilizipiga mwenyewe kwenye ua wa nyumba, mabinti wa Dada wakawa ndio mamodo. Tukaweka namba ya simu, tukaweka ramani. Nikakaa kusubiri nyota iwake. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ukitafuta fundi wa magauni Dar es Salaam unapata kila mtu, hadi watu wanaouza cherehani mbovu, Dada hayumo hata ukurasa wa saba. Nikamwambia asubiri, Google huchelewa. Hilo ni kweli, tovuti mpya huchelewa. Lakini mimi si ndiye niliyesema hii siyo mpya?

Huku nyuma Dada akapata tenda. Kwaya ya kanisa moja, sitataja la wapi, walitaka majoho 42 kwa ajili ya sherehe ya jubilei yao. Mwenyekiti wa kwaya alikuja dukani, akapenda mshono, wakaelewana bei kwa mdomo. Alibaki tu kuwasilisha kwenye kamati. Dada naye kwa furaha akaenda Kariakoo, akachukua majora manne ya kitambaa cha zambarau kabla bei haijapanda. Akampa mwenyekiti kadi yake mpya, ile niliyomchapishia mimi, yenye jina la tovuti kwa wino wa dhahabu.

Kwenye kikao mzee mmoja wa kanisa akatoa simu. Ndivyo tulivyosimuliwa. Hakuandika jina kule juu kama unavyotakiwa, aliliandika kwenye Google kama watu wengi wanavyofanya. Wa kwanza akatokea Dada, na maelezo ya magauni. Chini yake, kwa jina lilelile la Dada, zikafuata kurasa nyingine. Kasino ya mtandaoni, zawadi ya kujiunga. Vidonge vya nguvu za kiume bila cheti cha daktari. Kingine tena cha vidonge. Kingine cha kasino.

Mzee akampa simu jirani yake aangalie, asije akawa ni yeye macho. Jirani akampa mwingine. Simu ikazunguka meza nzima.

Mwenyekiti alimpigia Dada jioni. Alikuwa mstaarabu, alisema tu kamati imeona ipeleke kazi kwa fundi mwingine. Dada alipobana sana ndipo akasema, "Mama, sisi ni watu wa kanisa. Hiyo biashara yako nyingine ungeitenga na hii."

Hiyo biashara yako nyingine!

Nilifika Mwananyamala saa mbili usiku nikamkuta amekaa juu ya lile jora la zambarau kama mtu aliyekaa juu ya kaburi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinipa simu yake tu na kuniambia, "Nisomee hapa, Kiingereza kinanipiga chenga. Hivi ni vidonge gani ninauza?"

Ukibonyeza zile kurasa hazifunguki, zinakwambia hakuna kitu. Zilikuwa zimeshakufa. Lakini Google ilikuwa bado inazikumbuka, kwa sababu yenyewe hupita kwenye kila ukurasa kwa zamu zake, na ukurasa uliofutwa huendelea kuonekana hadi mtambo upite tena na kujiridhisha kwamba kweli haupo. Na kwa tovuti isiyo na maana kwake, haina haraka ya kupita.

Usiku ule sikulala. Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kutoa hata senti moja.

Kuna mtu anaitwa Brewster Kahle, Mmarekani, ambaye mwaka 1996 alianzisha maktaba ya intaneti, Internet Archive. Kazi yao mojawapo ni kupita kwenye tovuti na kuzipiga picha, leo, kesho, mwaka kesho, na kuhifadhi. Mwaka 2001 wakafungua mlango wa watu wote kuangalia, unaitwa Wayback Machine, na ni bure. Unaandika jina la tovuti, inakuletea kalenda, unachagua tarehe, unaona ilivyokuwa siku hiyo. Bure, msomaji! Dakika kumi tu zingetosha.

Nikaandika jina letu. Nikaanza na mwaka 2009.

Nilikutana na bibi. Sijui jina lake lote, alijiandika jina la kwanza tu. Picha ilikuwa ya wanawake wazee kama kumi na mbili hivi wamekaa kwenye ukumbi wa kanisa, mbele yao mablanketi ya viraka, yale ya kuunganisha vipande vipande vya vitambaa. Walikuwa wanashona mablanketi na kuwapelekea watoto waliolazwa hospitali. Kulikuwa na ratiba ya Jumanne na Alhamisi, na maelekezo ya kushona pindo lisifumuke, hatua kwa hatua, kwa mchoro. Ndiyo maana maktaba ziliwaelekezea watu kwake, na ndiyo maana gazeti la mji likamwandika. Zile kura nilizozinunua dola 62 zilikuwa ni blanketi za watoto wagonjwa.

Nikasogea, 2012, 2014. Picha ile ile ya ukumbi, wazee wakipungua. Mwaka 2017 kuna ukurasa mmoja mfupi unasema kikundi hakitakutana tena, asanteni, vitambaa vilivyobaki vimegawiwa. Mwaka uliofuata, jina lile lile, kasino. Wakati ule ule ukaona hata maelekezo ya pindo yameachwa palepale chini, mradi yaendelee kuvuta wasomaji, ila kila baada ya mistari mitatu kuna linki ya kamari. Baadaye ikaja lugha nisiyoijua, nadhani ya Asia. Kisha vidonge. Vidonge vilikaa hadi 2023.

Hapo ndipo nilijiuliza swali ambalo hata muuza kuku angeliuliza kwanza. Hivi yule wa vidonge aliliachia jina kwa nini? Nani anauza ng'ombe anayekamuliwa vizuri?

Kumbe ng'ombe alishakauka. Nilifungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ambacho kwa uvivu wangu sikuwa nimekiunganisha. Mle ndani kuna sehemu wanakuonyesha kama tovuti yako imepewa adhabu na mtu, siyo na mtambo. Mtu kabisa, mfanyakazi, ameangalia na kuamua. Yetu ilikuwa nayo. Spamu, basi. Ilikuwa imewekwa kabla mimi sijajua kama hilo jina lipo duniani.

Na hapa kuna jambo linaloudhi. Adhabu hiyo huwezi kuiona kabla hujathibitisha kuwa jina ni lako. Ni kama upangishwe chumba, ulipe kodi ya miezi sita, ndipo upewe ufunguo wa kabati lenye barua za mahakama.

Zaidi ya adhabu ya mtu kuna hesabu za mtambo wenyewe, ambazo hazikuletei barua. Nilipotazama linki zinazoelekea kwetu, za maktaba zilikuwepo, lakini zilikuwa kama chumvi kwenye debe la mchanga. Zilizobaki zote zilikuwa za kununua, kutoka tovuti za ajabu ajabu, zimeandikwa majina ya vidonge. Ujanja wa kununua linki Google ilianza kuupiga vita siku nyingi, na pigo kubwa likaja Aprili 2012 walipoleta mpango walioupa jina la ndege, Penguin. Tangu mwaka 2016 mpango huo umekuwa sehemu ya mtambo wenyewe, na mara nyingi kinachofanyika ni kuzipuuza tu zile kura za kununua. Wengine wakadhani kupuuzwa ni nafuu. Siyo nafuu kama wewe ulilipia.

Na suala la historia ya jina lenyewe si la jana. Mwishoni mwa mwaka 2003 Google waliomba hati ya kulinda ubunifu wao, wakapewa mwaka 2008, na humo wameandika wazi kuwa tarehe jina lilipoanza, litaisha lini, na kama limebadilisha mwenyewe au limebadilisha ghafla linachozungumza, vyote vinaweza kutumika kupima. Hati kama ile siyo ushahidi kuwa kila kilichoandikwa kinatumika. Lakini inakuonyesha kuwa mawazo yao yalishafika huko mimi nikiwa bado nacheza mdako.

Halafu, kama vile nilikuwa naandamwa, tarehe 5 Machi 2024, mwezi mmoja tu tangu tuwe hewani, Google wakatangaza sheria mpya na kuutaja ujanja wangu kwa jina. Walisema kuchukua domeni iliyoisha muda na kuitumia tena kwa lengo la kupanda kwenye matokeo, huku unachoweka hakina faida kwa msomaji, ni kosa. Wakatoa na mifano: tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi sasa ina kasino, tovuti iliyokuwa ya shirika la hisani la matibabu sasa inauza bidhaa za tiba. Nilisoma nikasema hawa watu wameniona.

Haki yao niwape, hawakukataza majina kuukuu. Walisema unaweza kulitumia jina la zamani kwa tovuti yako mpya halisi, inayohudumia watu kwanza. Magauni ya Dada yalikuwa halisi. Kwa hiyo ukitaka kunitetea unaweza. Mimi mwenyewe nimejitetea hivyo mara nyingi, hasa usiku.

Wala si mimi peke yangu niliyeingia mtego huu, ingawa wengine wameingia kwa makusudi na wamevuna. Kulikuwa na tovuti ya kina dada huko Marekani, The Hairpin, ilikuwepo 2010 hadi 2018, waandishi wake walipendwa sana. Ilipokufa jina likaisha muda. Mwanzoni mwa 2024 jarida la Wired likaandika kuwa limechukuliwa na DJ mmoja wa Serbia, akalijaza makala za akili mnemba. Makala chache za zamani zilizokuwa na wasomaji wengi ziliachwa, ila majina ya wanawake walioandika yakaondolewa na kuwekwa ya kiume. Mwaka huohuo tovuti nyingine ya habari za Apple iliyofungwa mwaka 2015 nayo ikafufuka, imejaa maneno ya mashine huku yamesainiwa majina ya waandishi wake wa kweli wa zamani. Hebu fikiria unaamka asubuhi unakuta umeandika makala.

Nilisoma habari hizo nikaona tofauti yangu na yule DJ ni mtaji tu.

Asubuhi nikamweleza Dada yote. Bibi, mablanketi, kasino, vidonge, adhabu. Alisikiliza huku anapitisha uzi kwenye sindano, hakuinua uso.

"Kwa hiyo ulijua lilikuwa la mtu."

"Nilijua, Dada."

"Na hukuangalia."

"Niliangalia umri na linki."

Akacheka, kile kicheko kisicho na furaha. "Mimi nikinunua gauni la mtumba pale Karume, la kwanza naligeuza ndani nje. Naangalia kwapa. Kwapa halidanganyi. We umeangalia vifungo."

Sikuwa na la kusema. Mpaka leo nikiulizwa na mteja kuhusu jina lililotumika, namwambia tuangalie kwapa kwanza. Tunafungua Wayback Machine mwaka kwa mwaka, na kama kuna miaka haionekani kabisa tunajiuliza kulikuwa na nini. Kwenye Google tunaandika neno site, nukta mbili, halafu jina bila kuacha nafasi, tuone ni kurasa gani inazikumbuka. Tunatazama maneno yaliyoandikwa kwenye linki zinazoelekea huko, ukiona vidonge kwenye jina la shule, kimbia. Tunaangalia pia orodha za majina yenye sifa mbaya kwenye barua pepe, kama ile ya Spamhaus, maana jina linaweza kuwa safi Google lakini kila barua unayotuma inaangukia kwenye takataka. Na mwenye jina akiwa bado yupo, tunamwomba atuonyeshe Search Console yake kabla ya kulipa. Akianza kuzungukazunguka, tumeshapata jibu.

Lakini hayo ni ya leo. Mwezi Mei 2024 nilikuwa na kazi ya kumwombea Dada msamaha kwa kosa lisilo lake. Kuna mahali pa kuomba adhabu iangaliwe upya. Unaeleza kilichotokea na ulichofanya kurekebisha. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kuunga unga: jina tumenunua mnadani, mwenye vidonge hatumjui, kurasa zake zote hazipo, hii hapa ni biashara ya cherehani, hizi hapa picha za duka. Zile linki chafu nikaziorodhesha zote na kuwaambia Google wasizihesabu kwetu, kazi iliyonichukua siku tatu. Nikaomba pia zile kurasa za vidonge zifichwe kwenye matokeo, na hilo bwana lilifanyika haraka, siku moja tu. Nilipoona nilitamani kulia. Siku moja! Na mimi ningeweza kuliomba Februari.

Jibu la msamaha lilichukua kama wiki tatu. Adhabu imeondolewa. Nikakimbia hadi Mwananyamala na simu mkononi kama aliyepata matokeo ya kidato cha nne.

Dada akasoma, akaniuliza, "Sasa tutaonekana?"

Tulionekana ukurasa wa tano. Julai, wa tano. Agosti, wa tano na nusu. Kuondolewa adhabu hakukurudishii kura za maktaba. Ukitoka jela unatoka, lakini hakuna anayekungoja getini na kazi. Zile linki za bibi nazo, maktaba moja ilizifuta mwaka huohuo. Walifanya vizuri. Walikuwa wanawaelekeza watu kwenye mablanketi, na kule kulikuwa na magauni ya harusi Dar es Salaam.

Agosti hiyo nikamnunulia Dada jina jipya kwa hela yangu, linaloishia na .co.tz, jina lake mwenyewe na neno mavazi. Halijawahi kuwa la mtu. Halikuwa na nyota wala kura, na kwa miezi kadhaa halikuonekana popote isipokuwa kwa anayelijua. Kura yake ya kwanza alipewa na mpiga picha za harusi wa Sinza aliyeweka linki bila kuombwa, kwa sababu bibi harusi wake alimuuliza gauni limeshonwa wapi. Taratibu ikaja nyingine. Sasa hivi ukitafuta fundi wa majoho Dar es Salaam anaonekana ukurasa wa kwanza, chini chini huko, siku nyingine anapanda siku nyingine anashuka.

Majora ya zambarau yalikaa stoo hadi mwaka 2025. Mawili alishona sare za kikundi kimoja cha harusi kwa bei ya hasara. La tatu liliishia mapazia ya watu. La nne lipo, na akina mama wa vikoba walilipwa kwa kuchelewa, na faini. Faini niliilipa mimi, kwa awamu.

Lile jina la zamani sikulilipia kodi. Januari 2025 likaisha muda, nikaliacha liende zake. Niliwaza kumwandikia mtu yeyote atakayelinunua, nimweleze, lakini utamwandikia nani kabla hajanunua, na akishanunua utamwambia nini? Juzi kati nikachungulia. Lina mwenyewe mpya. Sasa ni tovuti ya chakula cha mbwa, kwa Kiingereza kizuri sana ambacho sidhani kama kimeandikwa na mtu.

Nikafungua tena Wayback Machine, mwaka kwa mwaka. Bibi yupo na blanketi zake. Kasino ipo, vidonge vipo, mbwa yupo. Na katikati ya vidonge na mbwa, tarehe moja ya Machi 2024, binti mmoja wa Mwananyamala amesimama uani kwetu na gauni jeupe, nyuma yake kamba ya nguo na ndoo ya bluu ambayo siku ile sikuiona.